Tunu na Mkate wa Debe

Temeke, Jumatatu, 9 Machi 1953

Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Revelian, mume wangu, amekwenda kazini bandarini suruali ameikunja mpaka magotini na viatu kavishika mkononi, karani mzima. Nimefua, na nguo nimezianika ndani.

Saa nne Bi Mwanabaraka, mwenye nyumba wetu, aliniita uani. Alikuwa amemshika mkono Tunu, mtoto wa Hamisa wa chumba kinachotazamana na chetu. Ana miaka minne. Baba yake, Shomari, fundi seremala, alifariki tarehe mbili mwezi uliopita kwa homa ya siku tatu, na Hamisa yumo ndani anakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipaki mafuta, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Lakini mtoto hana eda. Leo amekutwa barabarani, peke yake, mvua inamnyeshea, anamngoja baba yake ashuke kwenye gari.

"Bi Karani," alisema Bi Mwanabaraka, "we mchana kutwa umekaa, huna mtoto wa kukuhangaisha. Nishikie huyu mpaka mamaye atoke eda."

Nilikubali kwa sababu sikupata haraka sababu ya kukataa. Hilo la "huna mtoto" nimelisikia. Kwa miaka saba ya ndoa nimelizoea, ila huwa naliandika kila linaposemwa.

Jumanne, 10 Machi

Mtoto anauliza maswali. Nilihesabu mpaka hamsini, kisha nikaacha.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeoka. Masista wa Bukoba walinifundisha kuoka kwenye tanuri la matofali. La debe nimejifundisha mwenyewe hapa Temeke. Debe tupu la mafuta ya taa nalilaza ubavu juu ya mafiga, nalitandika mchanga ndani, sufuria ya mkate juu ya mchanga, makaa chini na makaa juu. Hamira yangu ya kopo imeingia unyevu ikawa jiwe, kwa hiyo nimetia kikombe cha tembo. Mgema wa Kiwalani hupita hapa asubuhi na vibuyu vyake, na Revelian hununua kila Jumamosi. Kwa saa mbili unga uliumuka kuliko ulivyowahi kuumuka kwa hamira.

Tunu alikuwa amechuchumaa mbele ya bakuli muda wote huo.

"Unapumua," alisema.

"Unaumuka."

"Umekula nini?"

"Tembo."

Akaupigapiga mgongo kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nilimkatia donge afanye atakalo. Alifinyanga watu wanne, wote hawana miguu. Nilipomuuliza akanijibu kwamba wamekaa. Tukawaoka pamoja na mkate. Wawili waliungua, na hao ndio aliowapenda zaidi.

Bi Mwanabaraka nilimpelekea kipande, akala na chai ya tangawizi, akasema mkate wa dukani si kitu mbele ya huu.

Alhamisi, 19 Machi

Amekuja Mwishehe, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa Kisarawe. Viatu vyake vya matope aliviacha nje ya ukumbi bila kuambiwa. Alikaa kwenye kibao uani na kuzungumza na Hamisa kupitia pazia la mlango, macho yake akiyaelekeza chini. Mimi nilikuwa napepeta mchele karibu, na sikuona kwa nini niondoke.

"Shemeji," alisema, "Tunu damu yetu. Eda ikiisha nakuja kumchukua, akalelewe na bibi yake. Mama analia kila siku."

"Nimesikia, shemeji," sauti ya Hamisa ilijibu.

Basi, yakaishia hapo. Mtu mpole, anazungumza kwa utaratibu. Hata kwetu mtoto aliyefiwa na baba hurudi kwa watu wa baba yake. Sikuona jambo la kushangaza.

Jumatano, 25 Machi

Siku ya tatu hatujaliona jua. Unga nao una unyevu, hauokeki, hivyo tumetengeneza mwanasesere. Mwili ni gunzi la hindi, kichwa ni kitambaa nilichokijaza pamba ya mto, nguo ni kipande cha shuka jeupe. Nilidhani atambeba mgongoni kama watoto wengine. Akamtia ndani ya boksi la sabuni, akafunika.

"Usitoke," alimwambia. "Siku zako bado."

"Zimebaki ngapi?" niliuliza.

"Nyingi."

Baadaye nilitaka kumshika yule mwanasesere nimrekebishe shingo. Tunu alinipiga mkono. Nilikuwa nimetoka kupaka sufuria mafuta, na vidole vyangu vilikuwa vinang'aa.

"Haruhusiwi mafuta!" alifoka.

Nilikwenda kunawa kwa sabuni, mimi mtu mzima, kisha ndipo nikaruhusiwa.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Misa, kisha kuoka. Tunu alishika sahani kwa mikono miwili akampelekea mama yake mkate, nami nikamfuata nyuma nisije nikapoteza sahani. Ni mara yangu ya pili kuingia kwa Hamisa. Anavaa kaniki, nywele kazifunga, na zana za marehemu bado zimetundikwa ukutani. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani. Hana hata miaka ishirini na tano. Kabla ya eda alikuwa akikaanga vitumbua barazani kila asubuhi, nami nilikuwa nikimpita tu na kumsalimia kwa mbali, kama mke wa karani.

Aliunusa mkate muda mrefu kabla ya kuuma. Halafu akanitazama.

"Mkono wako mwepesi, dada," alisema.

Jumamosi, 11 Aprili

Choo kimefurika. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 18 Aprili

Mchana Tunu alilala na kichwa chake kikawa juu ya paja langu. Nilikaa bila kujisogeza saa nzima, mguu ukafa ganzi, maharage yakaungua. Revelian aliyala hivyohivyo. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa namna hiyo.

Jumatano, 29 Aprili

Barua ya uhamisho imefika. Tunakwenda Tabora mwishoni mwa Juni. Revelian amefurahi kwa sababu cheo kimepanda. Nimempongeza.

Jumatatu, 4 Mei

Nataka kumchukua Tunu twende naye Tabora. Nimeliandika ili nilione limekaaje kwenye karatasi. Limekaa vizuri.

Sababu zipo. Tabora kuna shule nzuri. Nyumba ya kazi ina vyumba viwili. Hamisa hana mume, na Kisarawe mtoto ataishia kulinda ndege mashambani. Nilizisema zote kwa Revelian wakati anakula.

"Mamake umemuuliza?"

"Nitamuuliza."

"Na akikataa?"

Nilimwongezea mchuzi.

Jumatano, 6 Mei

Nimemuuliza. Nilikwenda na mkate, nikakaa mkekani, nikasema yote kwa mpangilio: shule, nyumba, nguo, barua kila mwezi. Hamisa alinisikiliza huku akisuka ukili, vidole havikusimama.

"Jibu nitakupa nikitoka eda," alisema. "Mtu hakati maneno makubwa akiwa humu ndani."

Nilirudi chumbani kwangu nimefurahi, kwa sababu hakusema hapana. Kipande cha kanga nimeanza kukikata, gauni la mtoto wa miaka minne, nimelizidisha kidogo kwa ajili ya kukua.

Ijumaa, 8 Mei

Leo yameharibika, na nimeyaharibu mimi.

Mwishehe alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu safi, mkononi ana kuku wa kumletea Hamisa. Nilikuwa ndiyo kwanza nautoa mkate kwenye debe. Mvua ilikuwa imekatika na ua ulikuwa unatoa mvuke. Bi Mwanabaraka alikuwa barazani kwake na kikombe chake, anangoja kipande chake kama kawaida. Tunu akamkimbilia baba yake mkubwa na mtu wa unga aliyemfinyanga mwenyewe, mkubwa kama kiganja, safari hii ana miguu.

"Kula kichwa kwanza, baba mkubwa."

Mwishehe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Akakaa kwenye kibao, akampakata mtoto, akala kichwa, akala mkono, akasifu.

"Nani kakufundisha kupika?"

"Mama Karani," alisema Tunu, naye akaanza kumweleza kazi yote kwa hatua, kama nilivyomzoesha. Unga unachekechwa. Chumvi kidole. Sukari vijiko viwili. "Halafu tunatia tembo la mgema, tunaufunika, unapumua."

Mwishehe aliacha kutafuna. Alimtua mtoto chini taratibu, akaenda pembeni ya ukuta akatema, akasukutua kwa maji ya mtungi mara tatu. Bi Mwanabaraka alikuwa amesimama.

"Tembo?" aliniuliza. "Bi Karani, tembo gani?"

Nilimwambia ukweli. Kikombe kimoja tu, tena moto umekwisha kukiunguza, kilichobaki ni uvimbe wa unga. Kwangu tembo ndani ya unga lilikuwa hamira ya bei nafuu, kitu cha jikoni. Kinywaji ni kile anachokunywa Revelian kwenye bilauri. Nimeishi na Waislamu nyumba moja miaka mitatu. Nyama ya nguruwe sijaiingiza humu hata siku moja, najua, nachunga. Hili la tembo halikunipitia akilini kabisa, na nilipokuwa naeleza nilijisikia mwenyewe nikieleza vibaya.

"Miezi miwili!" alisema Bi Mwanabaraka. "Miezi miwili nakula na nasifu! Na Ramadhani hiyo yaja wiki ijayo!"

Mwishehe hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisimama mbele ya pazia la Hamisa akasema, "Shemeji, umesikia mwenyewe. Mtoto wa Shomari analishwa tembo kwa Wakristo, nawe umo ndani. Siku utakayotoka eda nitakuja na wazee. Halina mjadala tena."

Kuku aliachwa amefungwa miguu katikati ya ua. Tunu alikuwa analia kwa sababu mtu wake wa unga ametupwa, akataka kujua kakosea nini. Nilimwambia hajakosa yeye, nimekosa mimi. Akaniuliza nimekosa nini.

Jumamosi, 9 Mei

Tunu hajaletwa. Anacheza kwenye ukumbi, na kila akiukaribia mlango wangu Bi Mwanabaraka anamwita.

Jumapili, 10 Mei

Hajaletwa.

Jumatatu, 11 Mei

Nilimwamkia Bi Mwanabaraka, shikamoo yangu ikapita hewani. Gauni lipo kwenye kikapu, limebaki mkono mmoja. Nina hasira, na sipati wa kumkasirikia.

Jumanne, 12 Mei

Bi Mwanabaraka alipokwenda sokoni, Hamisa aliniita kwa kugonga mlango wake kwa ndani. Niliingia. Akanionyesha nikae karibu.

"Pasaka ile nilijua," aliniambia. "Nilinusa tu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, dada? Vitumbua vyangu mie naviumuaga na nini?"

Nilimtazama. Alikuwa anajizuia asicheke, mjane ndani ya kaniki.

"Tembo la mgema yuleyule," alisema. "Miaka mitatu. Marehemu ndiye aliyekuwa akinipokelea kibuyu kwa mlango wa uani. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu. Hamira inavipa vitumbua ladha ya dawa. Msikiti mzima wamekula."

"Basi waambie!"

Kicheko kilimpotea usoni.

"Nikisema, nani atanunua tena? Nikitoka humu sina mume, sina kazi nyingine. Nina kikaango."

Nilisimama nikatoka. Nilimwona mwoga. Ndivyo nilivyomwona, na nimeandika hivyo.

Alhamisi, 14 Mei

Mwezi umeandama jana. Mfungo wa kwanza. Napikia chumbani ili harufu isiwakere, moshi unatuua.

Jumatano, 20 Mei

Tunu aliingia mwenyewe, Bi Mwanabaraka akamwona na hakumwita. Nadhani saumu imemchosha. Tumecheza duka kwa vifuniko vya chupa na vipande vya maganda ya maboga. Nilikuwa mteja, nikaambiwa ninachotaka kimekwisha.

Jumanne, 2 Juni

Mjini kuna bendera na bendi kwa kutawazwa Malkia. Revelian amepewa mapumziko, amekwenda kutazama. Mimi sikwenda. Mvua zimekwisha kabisa, na zimebaki siku saba.

Jumanne, 9 Juni

Hamisa ametoka eda.

Wanawake walimwosha asubuhi. Saa tatu alitoka uani, buibui jipya, uso umepungua, akawa anafumba macho kwa jua. Tunu alimshika buibui akawa anamzunguka, hajui afanye nini na mama aliye nje.

Mwishehe alikuwa amefika na wazee wawili wa msikitini. Walikaa kwenye mkeka barazani, Hamisa akakaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Mimi nilisimama mlangoni kwangu. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, nikingojea jibu langu nami.

Mwishehe alieleza yake: damu ya kaka yake, mama mzee anayelia, mtoto kulishwa tembo. Alipomaliza, mzee mmoja akamwuliza Hamisa ana neno gani.

"Shemeji," alisema Hamisa, "vitumbua vyangu ulikula?"

"Nilikula."

"Vilikuwaje?"

"Vizuri," alisema Mwishehe, anashangaa.

"Na nyie wazee wangu, asubuhi mkitoka alfajiri, si mlikuwa mnapitia hapa?" Wazee wakakiri. "Basi mimi navitia tembo. Tangu siku ya kwanza. Bi Karani katia bila kujua ubaya wake. Mie nilijua nikatia. Kama ni kosa la kumnyang'anya mtu mtoto, liwe langu, lisiwe la mgeni wa dini."

Bi Mwanabaraka alikaa chini hapohapo alipokuwa. Mzee mdogo alishika ndevu akawa anazitazama kama ndiyo kwanza anaziona. Nilingojea kelele, na nilimwogopea Hamisa kuliko nilivyojiogopea mimi.

Mzee mkubwa alijiweka sawa mkekani. Kisha akasema, "Tulichokula hatukukijua. Sasa tumekijua. Mwanangu, kuanzia leo tia hamira, na sote tutubu, mwezi wenyewe ndio huu." Halafu akamgeukia Mwishehe. "Ama mtoto, huyo wa mama yake. Mpaka afike miaka saba, ndipo aulizwe mwenyewe. Wewe unalijua hilo, Mwishehe. Hukuhitaji kutuleta."

Mwishehe aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa nyingine. "Mama anataka kumwona tu. Hana picha ya Shomari, wazee. Hana kitu. Mtoto kafanana naye."

"Idi pili nitamleta mwenyewe," alisema Hamisa. "Tutalala siku tatu."

Mwishehe akajifuta macho kwa ncha ya kanzu, mbele ya watu wote. Mwanamume huyo nilimchukia mwezi mzima.

Walipoondoka nilivuka ua. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka jibu. Hamisa alijua.

"Dada Auleria," alisema, ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina, "umemtunza mwanangu, sina cha kukulipa. Ningekuwa sijui wema ningesahau. Lakini wewe na shemeji mmekuja kwa jambo moja. Yeye kaja na wazee, wewe umekuja na mkate. Wote mlinikuta nimekaa ndani siwezi kutoka."

"Ningemsomesha, Hamisa."

"Najua ungemsomesha."

"Ningekuandikia."

"Mie sijui kusoma, dada." Alilisema kwa upole kabisa. "Jibu langu ni hapana. Usinikasirikie."

Nilimwambia sikukasirika. Jioni hii nimerudi nyuma nikasoma nilichoandika tarehe 19 Machi kuhusu Mwishehe: mtu mpole, anazungumza kwa utaratibu, sikuona jambo la kushangaza. Kisha nikasoma tarehe 6 Mei, juu yangu mwenyewe. Na tarehe 12 nilimwita mwoga. Sikufuta chochote.

Jumamosi, 13 Juni. Idi

Bi Mwanabaraka ameniletea sahani ya pilau, amefunika kwa kitambaa kilichotariziwa. Nilimwamkia, akaitika. Gauni nimelimaliza, Tunu amelivaa. Bado ni refu.

Jumatano, 17 Juni

Hamisa na Tunu wamerudi kutoka Kisarawe. Kesho Hamisa anaanza tena kukaanga, naye ana wasiwasi kama watu watakuja. Nimempa kopo jipya la hamira na kumwonyesha namna ya kuiamsha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto.

Alhamisi, 18 Juni

Walikuja. Wachache kuliko zamani. Yule mzee mkubwa alikuwa wa kwanza, alinunua vinne, akavila hapohapo barazani amesimama ili aonekane. Tunu alikuwa akifunga vitumbua kwenye majani ya mgomba. Alinipungia mkono mara moja, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi, 20 Juni

Revelian ameleta fomu ya safari ya reli, irudi ofisini Jumatatu. Ameijaza yote kwa mwandiko wake mzuri: jina lake, jina langu, kituo cha kuondokea, mizigo. Mstari wa watoto wanaofuatana na mtumishi aliuacha mtupu. Aliiweka mezani, akaweka na kalamu, akatoka nje kwenda kutazama kama kuna mtu wa kununua meza yetu. Meza hatuiuzi.

Nimeandika: hakuna. Mwandiko umetoka sawasawa. Nimelia baadaye uani, nikilikung'uta debe mchanga.